Vitabu vya kurasa ngumu kwa watoto chini ya miaka 3: natamani kimoja chenye kuku wetu na beseni letu

MleziTabata

Habari za humu wakuu. Kwa muda mrefu nimekuwa napita tu nasoma. Leo nimefungua uzi kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni na mtaani sina wa kujadiliana naye.

Nalea watoto nyumbani kwangu, Tabata. Kwa sasa ninao saba: mdogo ana miezi 7, mkubwa anakaribia kutimiza miaka 3. Wanaletwa saa 12 asubuhi na kuchukuliwa jioni, wengine hadi saa 2 usiku kwa ajili ya foleni za barabarani. Mwaka jana mzazi mmoja aliniletea vitabu vitatu alivyotumiwa na ndugu yake wa nje. Ni vile vya kurasa ngumu kama boksi, kona za mviringo, maneno matatu manne kwa ukurasa. Mtoto anaking'ata, anakikalia, anakiburuza sakafuni, na kesho bado kinafunguka. Kimoja ni cha wanyama wa kufugwa, kimoja cha wanyama wa nchi za baridi, kimoja cha siku ya mtoto tangu anapoamka hadi anapolala.

Nilidhani watavichezea wiki moja viishe. Huu ni mwezi wa 11 na kila asubuhi lazima mmoja aje kunikalia mapajani na kitabu mkononi, mara nyingine kakigeuza juu chini. Ukurasa wa kuku umefifia kwa kubusiwa. Ukurasa wa pengwini uko vilevile kama ulivyotoka dukani.

Hicho cha siku ya mtoto ndicho kimeninyima raha. Kuna picha ya mtoto anaoga kwenye sinki refu jeupe, povu limejaa. Nikifika hapo nilikuwa nasema "anaoga kwenye beseni". Kijana wangu mmoja wa miaka miwili na kidogo akawa kila siku anakataa kwa kichwa. Siku moja akashuka mapajani, akaenda uani, akarudi anakokota beseni letu jekundu, maji yanamwagika njia nzima. Akaligonga: "Beseni!" Halafu akaweka kidole kwenye ile picha, akanitazama nimpe jina lake. Sikuwa nalo.

Jambo la pili ni lugha. Nilikuja kununua kingine, Sh 15,000, kimeandikwa Kiswahili. Nikafurahi mpaka nilipokifungua. "Ng'ombe inasema muu." "Ni wakati wa kuoga." "Ni wakati wa kulala." Jamani, nani kati yetu anamwambia mwanawe ni wakati wa kulala? Kwetu ni "haya, twende tukalale", ni "njoo tuoge", ni "macho hayo yameshaisha". Ukisikiliza vizuri unajua kabisa kwamba sentensi imeandikwa mahali pengine, ikavalishwa kanga ilipofika bandarini.

Na hiyo "ng'ombe inasema" ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wa miaka miwili hajui ngeli, anaiokota kwa sikio. Siku nzima anasikia paka analala, kuku anakula, sisimizi anapanda ukutani, na pole pole anajua kwamba chenye uhai kinaitwa hivyo. Halafu kitabu, kitu anachokipenda kuliko mdoli, kinamrudia mara 20 kwa siku kwamba ng'ombe "inasema".

Sasa nauliza: nani humu amewahi kutengeneza kitabu cha namna hii mwenyewe? Kinadumu? Nitumie nini? Na wanyama gani waingie? Nawasilisha.

Baba Mapacha

Dada, nimesoma yote na sikupingi, nauliza kwa nia njema. Nina mapacha wa miezi 10. Chochote ninachowapa kinaenda mdomoni. Sh 15,000 kwangu ni maziwa ya siku kadhaa. Kwa nini nisisubiri wafike miaka minne waanze chekechea, ndipo ninunue vitabu wakiwa na akili ya kuelewa? Miezi 10 anaelewa nini kwenye kitabu?

Nesi wa Zamu

Baba Mapacha, swali lako naulizwa kila wiki kwenye kliniki ya watoto, ngoja nijibu kwa urefu kidogo.

Mdomo ndio mkono wake wa kwanza. Kwa umri huo kung'ata ni kuchunguza: kigumu, laini, baridi, kina ladha. Ukimpa kitabu cha karatasi nyepesi utakinyang'anya, na atajifunza kwamba kitabu ni kitu cha kukatazwa. Kurasa ngumu zilibuniwa kwa ajili ya meno hayo hayo unayoyalalamikia.

Mtoto aliyezaliwa juzi anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni kwake, takriban umbali wa uso wa mama anaponyonya. Anavutwa na michoro mikubwa yenye giza na mwanga vinavyoachana waziwazi, kama nyeusi juu ya nyeupe. Karibu miezi 6 anakamata kwa kiganja kizima. Miezi 9 au 10 anaanza kubana kitu kwa kidole gumba na cha shahada. Karibu mwaka mmoja anafunua kurasa ngumu, mara nyingi mbili tatu kwa pamoja, na anaonyesha kidole. Hapo ndipo pa kukaa macho, maana akinyoosha kidole anakuuliza jina. Ukimjibu "kunguru", tayari mmezungumza. Wapo wanaowahi na wanaochelewa kidogo, msitishane.

Kwa hiyo mapacha wako wanaelewa sauti yako, wanaelewa kwamba baada ya ukurasa huu unakuja ule, wanaelewa kwamba baba ametulia nao. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba mtoto asomewe kwa sauti tangu anapozaliwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na akiwa ametulia, mlezi amsomee na kumsimulia hadithi. Hapo kliniki naona wengi wa miezi 9, wale wanaokuja kwa chanjo ya surua, wameshikishwa simu kwenye benchi ili wasilie. Siwalaumu akina mama, foleni ni ndefu na benchi ni gumu. Natamani tu kwenye benchi lile pangekuwa na vitabu viwili vya kurasa ngumu.

Usafi: kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, futa, kausha kwa hewa. Usikiloweke. Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye homa, kila mmoja awe na chake kwa siku hizo.

Baba Mapacha

Asante nesi. Hapo kwenye kitabu kuwa kitu cha kukatazwa umenigusa, maana ndivyo nilivyolelewa mimi. Vitabu vya mzee vilikaa juu ya kabati na ufunguo alitembea nao.

FundiKariakoo

Niingie kwenye uzi kama fundi. Niko kwenye uchapaji miaka 14.

MleziTabata, kitabu hicho unaweza kukitengeneza, lakini siyo kwa kukata boksi na kupiga pini. Pini za stepla sahau kabisa kwa mtoto. Namna kinavyoungwa ni hivi: unachapa picha upande mmoja tu wa karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba. Unaikunja katikati picha ikiwa ndani. Karatasi moja inakupa kurasa mbili zinazotazamana. Karatasi 6 ni kurasa 12. Kisha unagundisha mgongo kwa mgongo: nyuma ya karatasi ya kwanza na nyuma ya ile ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitaka ugumu zaidi, katikati ya migongo hiyo unaweka kipande cha kadibodi ya kijivu. Mwisho unazungushia jalada. Kitabu cha namna hii kinalala bapa kikifunguliwa, hakihitaji uzi wala pini.

Mambo manne yanayowaangusha watu wengi:

Karatasi ina mkondo wake, kama mbao. Ikunje taratibu bila kuivunja, mara kwa urefu, mara kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio mkondo. Mkunjo wa kitabu uufuate. Ukienda kinyume, mkunjo unapasuka na rangi inabanduka mstari mzima.

Printa ya wino wa maji inachuja. Mate ya mtoto siku moja tu, kuku mwekundu anageuka zambarau. Chapa kwa printa ya leza au peleka kiwandani.

Laminesheni ipigwe upande wa picha peke yake. Wengi wanapiga pande zote mbili halafu wanashangaa gundi haishiki. Gundi nyeupe ya seremala haishiki kwenye plastiki. Na karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki ngumu kona zake zinachoma kama kisu, lazima uziviringe.

Gundi ikishapakwa, weka kitabu kati ya mbao mbili, juu yake matofali, usiku kucha. Ukikiharakisha kitajipinda kama papa mkavu.

Watu watakushauri uji wa unga wa ngano badala ya gundi. Unashika, sikatai. Lakini mende na panya wanakula kitabu kuanzia mgongoni, na mtoto akilowesha kwa mate unaachia.

Nesi wa Zamu

Fundi, nakazia hapo. Pia macho ya kubandika, vifungo, shanga, pete za chuma za kushikilia kurasa, vyote viacheni kwa watoto chini ya miaka 3. Kipimo rahisi cha nyumbani: kinachoweza kupita ndani ya lile bomba la boksi la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto. Na selotepu ikianza kubanduka pembeni, itoeni yote siku hiyo hiyo.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Nawasalimu wanangu. Mjukuu wangu ndiye anayenichapia huku Unguja, mimi nasema yeye anaandika.

Hili la mtoto kutazama nyeusi na nyeupe si geni kwetu. Mtoto wa siku 40 ukimlaza karibu na kanga ya kisutu, ile yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, anaikodolea macho mpaka anasinzia. Sisi hatukuwa na kitabu, tulikuwa na kisutu ukutani na mdomo wa bibi. Kwa hiyo mwanangu wa Tabata, usidhani unaanza kitu kipya. Unakiweka kwenye kadibodi tu.

Nina neno juu ya sauti. Msiandike "kuku anasema", "ng'ombe anasema" ukurasa hata ukurasa. Kiswahili kina neno la kila mmoja. Jogoo anawika. Kuku aliyetaga anatetea. Mbwa anabweka. Simba ananguruma. Mtoto atasema neno lenyewe baadaye, lakini sikio lake lilipate mapema. Wenye vitabu hivyo wameona neno moja linatosha kwa wanyama wote kwa sababu vitabu vya lugha yao ndivyo vinavyofanya.

Na juu ya nguruwe. Kila kitabu cha shamba kinachokuja huku kina nguruwe, tena yuko katikati. Mjukuu wangu mwingine, mama yake alikuwa anafunua kurasa mbili kwa pamoja apite. Simlaumu aliyechora, kwao ndiye mnyama wa shamba. Lakini mkichora wenu, kwa nyumba za huku mtieni mbuzi, mtieni punda, mtieni kobe. Na kunguru msimsahau. Kunguru huyu mweusi wa shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, leo hakuna mtoto wa pwani asiyemjua. Ndiye anayewaamsha.

MleziTabata

Shikamoo bibi. Hapo kwa kunguru nimesimama. Mdogo wangu wa miezi 7 ndege pekee anayemfuata kwa macho ni kunguru wa juu ya ukuta wa jirani, na kwenye vitabu vyote vinne hayumo.

Nimejaribu kuandika orodha ya wanyama wanaoonekana nyumbani kwangu kabla ya saa 4 asubuhi, bila kutoka getini: kuku wa jirani, paka wetu, kunguru, mjusi wa ukutani, sisimizi, mbu, mbuzi siku za sikukuu. Twiga sijamwona. Tembo sijamwona. Nampenda tembo kama mnavyompenda, ila kwa mtoto wa mwaka mmoja tembo ni picha tu. Kuku ni picha ambayo akishuka mapajani anaweza kuikimbiza.

Mtoto wa Lamu

Hamjambo wote, mimi ni mwalimu wa chekechea upande wa Kenya. MleziTabata, wewe una kuku, sisi tuna punda. Mji wa kale wa Lamu vichochoro vyake haviingii gari, mizigo inabebwa na punda, kwa hiyo neno la tatu la watoto wengi hapa baada ya mama na maji ni punda. Nikileta kitabu chenye trekta la shambani wananitazama tu.

Nataka kuongeza jambo ambalo nadhani ndilo hazina yetu: tanakali za sauti. Watoto wakubwa wanazikariri shuleni kwa ajili ya mtihani, na hapo ndipo tunapozipoteza, kwa maana zilikuwa zao tangu wakiwa mgongoni. Mtoto hajui "anguka", lakini "pu!" anaijua. Hajui "tumbukia", lakini ukidondosha kijiko kwenye maji ukasema "chubwi!" anacheka na kukuletea kijiko kingine. Kulowa chapachapa. Kujifunika gubigubi. Kimya jii. Giza totoro. Kulala fofofo. Kitabu kizima cha siku ya mtoto kinaweza kuandikwa kwa maneno haya na vitenzi vichache. Ninayafundisha maneno haya kwa mdomo miaka mingi na sijayaona yakikaa kwenye kitabu cha kurasa ngumu hata mara moja.

Kwa wanaotafuta pa kuanzia, kuna African Storybook, mradi wa hadithi za watoto uliozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi ziko mtandaoni bure, Kiswahili kimo, na leseni inakuruhusu kuchapa na hata kurekebisha. Nyingi zimelenga wanaoanza kusoma, siyo wanaong'ata, kwa hiyo utachagua zile zenye neno moja mawili kwa ukurasa. Mimi nilipunguza maneno kwenye moja, nikabadilisha mnyama, nikachapa.

MleziTabata

Mwalimu, sina la kukulipa. Nimesoma posti yako kwa sauti hapa jikoni. "Chubwi" nimeirudia kama mara kumi na mdogo kanyoosha mikono.

Mbongo wa Birmingham

Nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Nina binti wa mwaka mmoja na nusu. Huku kuna mpango unaitwa Bookstart, ulianzia hapa hapa Birmingham mwaka 1992, wa kuwapa watoto wachanga vitabu bure. Sisi tulipewa mfuko wenye vitabu. Kabla ya hapo, mwaka 1989, madaktari wa Boston kule Marekani walianzisha Reach Out and Read, mtoto akienda kupimwa anaondoka na kitabu. Namwambia nesi haya kwa sababu hoja yake ya benchi la kliniki ina wenzake duniani.

Shida yangu mimi ni kinyume cha yenu. Vitabu ninavyo, Kiswahili ndicho sina. Anashinda na Kiingereza chekechea, jioni ananisikia mimi peke yangu. Nikisoma kitabu cha Kiingereza huku natafsiri kichwani, nachoka, na yeye anaona nimesita. Nilichofanya: nimenunua lebo nyeupe za kubandika, nikafunika maandishi yote, nikaandika Kiswahili changu juu yake. Mara ya kwanza niliandika tafsiri, ikawa hainogi. Mara ya pili nikaandika vile mama yangu angesema akiangalia ile picha. Kwenye picha ya mtoto anakula niliandika "Fuu! Fuu! Uji wa moto." Kwenye picha ile kuna bakuli la nafaka na maziwa baridi, lakini binti yangu anapuliza.

Naomba mkikamilisha chenu nipate nakala hata mbili. Nitalipia na usafiri.

FundiKariakoo

Dada wa Birmingham, lebo hizo kagua kona zake kila siku, nesi amesema hapo juu.

Baba Mapacha

Narudi baada ya wiki. Sikununua kitu. Nilichukua boksi la sabuni, nikakata vipande vinne, nikabandika picha kutoka kwenye kalenda ya mwaka jana: ng'ombe, kuku, mtumbwi, jua. Nikazungushia kitambaa mgongoni na gundi ya seremala, bila pini, kama fundi alivyosema.

Kulwa alikung'uta kitabu kwa dakika nzima. Doto ndiye kanishangaza. Nilikuwa nasema "kuku" na kugonga picha. Siku ya nne nikasema "kuku yuko wapi?" bila kugonga, akapiga kofi juu ya kuku. Nikajua kabahatisha. Nikarudia mara tatu usiku ule, mara tatu akapiga palepale. Nilimwita mama yao jikoni aache chakula aje aone.

Ninarudi nyumbani saa 1 sasa badala ya saa 3, ili niwakute macho.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu Baba Mapacha, Mungu akukuzie.

MleziTabata

Wakuu, nimekaa na daftari siku tatu. Huu ndio mswada, kurasa 12. Naomba mnisahihishe bila huruma.

1. Kokoriko! Jogoo anawika.
2. Nani kaamka? Mtoto kaamka!
3. Maji usoni. Chwa! Chwa!
4. Uji wa moto. Fuu! Fuu!
5. Kunguru yuko juu. Kraa!
6. Sisimizi yuko chini. Kimya, jii.
7. Mpira umeanguka. Pu!
8. Beseni la maji. Chubwi!
9. Paka anajilamba. Mama anapaka mafuta. Paka, paka, paka.
10. Neti imeshuka. Mbu yuko nje. Ngiii!
11. Shuka gubigubi.
12. Giza totoro. Mtoto fofofo.

Nimeogopa kuweka saa wala "asubuhi, mchana, jioni". Mtoto anaijua siku kwa jogoo, uji, beseni na neti. Nikichelewesha beseni kabla ya kulala wananuna wote saba, hakuna anayetazama saa.

Mtoto wa Lamu

Ukurasa wa 9 umenifurahisha mno, paka na paka kwenye pumzi moja. Hilo haliwezi kutoka kwenye tafsiri. Ningetamani picha iwaonyeshe pamoja, paka anajilamba mguu, mtoto anapakwa mguu uleule.

Ukurasa wa 2 una swali na jibu. Zuri, kwa sababu mtoto wa miaka miwili atajibu mwenyewe kabla hujafika. Acha nafasi kubwa kati ya mistari miwili ili msomaji apumzike hapo.

Kwa toleo la kwetu naomba ukurasa wa 5 awe punda. Analia kwa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, sijui tutaiandikaje. Nitawauliza watoto.

Nesi wa Zamu

Ukurasa wa 10 nimeupenda kwa moyo wote. Mtoto akiizoea neti kitabuni, haitamwogopesha usiku. Chora imechomekwa chini ya godoro pande zote, tafadhali, isining'inie tu kwa urembo.

Ukurasa wa 4, mtoto apulize akiwa amekaa wima na mtu mzima karibu. Na picha iwe kubwa, kitu kimoja kwa ukurasa, nyuma yake pawe rangi moja tu. Macho ya miezi 7 yanapotea kwenye picha iliyojaa vitu.

Mbongo wa Birmingham

Ukurasa wa 9, "mama anapaka mafuta". Kwako wewe anayewapaka mchana ni mlezi, kwa Baba Mapacha nadhani ni baba. Labda "Mafuta mguuni. Paka, paka, paka", kila nyumba itie mtu wake?

MleziTabata

Nakubali kabisa. Mama yake yule kijana wa beseni anarudi saa 2 usiku, mtoto ameshapakwa. Anayefanya kazi ile ni bibi yake. Nimefuta "mama".

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Ukurasa wa 1 usiandike jogoo mwekundu halafu umchore mweupe. Watoto wanaona. Na 12 usiuongeze neno hata moja. Ukifika hapo mtu mzima anatakiwa ashushe sauti, maneno yakizidi atashindwa.

FundiKariakoo

Kurasa 12 ni karatasi 6, hesabu imekaa sawa. Ukubwa wa sentimita 14 kwa 14 unatosha, mikono yao midogo. Kwa nakala chache usiende kiwandani, kutengenezesha kisu cha kukatia kona peke yake kutakumaliza. Tufanye kwa mkono. Nitakuchapia kwa leza na kupiga laminesheni upande wa picha, gharama ya karatasi tu, kazi yangu nawapa hao saba. Kadibodi ya kijivu tafuta wewe, na kona uziviringe kabla hujaja. Nakala ngapi?

MleziTabata

Fundi, Mungu akubariki. Nakala sita: mbili za kwangu, moja ya mapacha, moja ya benchi la nesi, mbili za Birmingham. Lamu nitamtumia mwalimu mswada na michoro, aweke punda wake.

Picha anachora binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Beseni amelichora jekundu, nimempeleka uani akaliangalie lenyewe kwanza. Kadibodi ninayo, na kona nimeshazichora kwa sarafu ya shilingi 200, zimebaki kukatwa. Jumamosi saa 4 nitakuwa hapo dukani kwako.